Manchester kwa Siku Moja: Fuata Pamba

Katika nembo ya Manchester United kuna merikebu ya matanga, na katika nembo ya mahasimu wao, Manchester City, imo pia merikebu. Vijana wengi wa Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura na Goma huvaa jezi zenye chombo hicho kifuani, na sidhani kama ni wengi waliowahi kujiuliza merikebu inatafuta nini katika mji usio na bahari. Manchester iko bara, kama kilomita 50 kutoka bandari ya Liverpool. Merikebu hiyo imetoka katika ngao ya mji, na mji ulipewa ngao hiyo mwaka 1842, nusu karne kabla ya meli kubwa za baharini kuweza kutia nanga hapo. Waliochora ngao hawakuwa wakiota. Walikuwa wakitaja chanzo cha mali yao: marobota ya pamba yaliyotoka ng'ambo na majora ya nguo yaliyopelekwa ng'ambo.

Mgeni kutoka kwetu akibahatika kupata siku moja Manchester, kwa kawaida siku yenyewe huliwa na uwanja wa Old Trafford. Atapiga picha, atanunua skafu, kisha atapanda treni kurudi London. Sina ugomvi na mpira. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa karakana ya reli huko Newton Heath, kwa hiyo nayo ni mtoto wa viwanda. Lakini uwanja huonekana katika televisheni karibu kila wiki, ilhali mji uliouzaa hauonekani. Dai langu katika makala haya ni hili: siku moja ya matembezi Manchester ina faida kubwa zaidi ikiwa mgeni atafuata bidhaa moja, pamba, tangu mahali ilipoingilia mjini hadi mahali ilipouzwa ikiwa nguo. Akifanya hivyo atagundua kwamba utajiri wa mji huu haukutengenezwa na mashine zake peke yake, na kwamba Mwafrika wa Mashariki hapiti hapo kama mtazamaji wa mambo ya watu wengine. Jina lake limo katika daftari la hesabu, japo aliandikwa upande wa wanunuzi. Njia yenyewe ni fupi. Sehemu kubwa ya mambo haya iko katikati ya mji, na mtu mwenye viatu vizuri na mwavuli ataimaliza kwa miguu. Mwavuli ni wa lazima, kwani hewa nyevunyevu ni miongoni mwa sababu zilizofanya eneo hili lifae kusokota pamba; katika hewa kavu nyuzi hukatika ovyo.

Mahali pa kuanzia ni Castlefield, upande wa kusini-magharibi wa katikati ya mji. Kuna mabaki ya ngome ya Warumi hapo, lakini sehemu kubwa inayoonekana imejengwa upya, na mwenye siku moja anaweza kuipita. Kinachostahili muda wake ni maji. Mfereji wa Bridgewater, ulioanza kutumika mwaka 1761, ulichimbwa kwa amri ya kabaila mmoja aliyekuwa na machimbo ya makaa ya mawe huko Worsley na kuchoshwa na gharama ya kuyasafirisha kwa migongo ya farasi. Farasi mmoja akivuta mashua majini huhamisha shehena ambayo barabarani ingehitaji kundi zima la wanyama, na bei ya makaa mjini ikaanguka hadi kama nusu. Hapo ndipo ilipo siri ya kwanza. Kabla ya injini ya mvuke kuendesha kiwanda chochote, ilibidi makaa ya kuilisha yawe rahisi. Mifereji mingine ikafuata na kukutana hapo hapo, kisha reli zikaja juu yake, na leo mtu akisimama kando ya maji huona madaraja ya chuma na ya matofali yakipishana juu ya kichwa chake kwa namna ambayo mhandisi mwenye akili timamu asingeipanga. Kila kampuni ilijenga njia yake na kuipita ya mwenzake. Daraja moja la reli la mwaka 1892, lililokaa bila kazi kwa miongo mingi, limepandwa bustani tangu 2022, na kutoka juu yake ramani ya biashara ya zamani inasomeka bila maelezo ya mtu.

Hatua chache kutoka hapo, katika barabara ya Liverpool Road, kuna kituo cha treni kilichofunguliwa tarehe 15 Septemba 1830. Ndicho kituo cha abiria cha zamani kuliko vyote vilivyosalia duniani katika reli ya kuunganisha miji, na sasa ni sehemu ya jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda, ambalo kuingia ni bure. Siku ya ufunguzi, mbunge William Huskisson aligongwa na garimoshi akafa, na vitabu vingi vya watalii huishia kwenye kisa hicho. Mimi ningependa mgeni ageuke atazame jengo lililo ng'ambo ya reli, ghala la mwaka huo huo wa 1830. Watu husahau kwamba reli hii ilijengwa kwa sababu wafanyabiashara wa Manchester walichoshwa na wenye mifereji waliowatoza watakavyo kwa kusafirisha pamba kutoka Liverpool. Abiria walijitokeza kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa, lakini mwaka 1844 walihamishiwa kituo kingine, na hapa pakabaki pa mizigo hadi mwaka 1975. Matengenezo ya majengo haya yamechukua miaka, kwa hiyo ni busara kuuliza mapema sehemu gani ziko wazi.

Ndani ya ghala kama hilo ndipo swali la msingi linapotakiwa kuulizwa: marobota haya yalitoka wapi? Hadi kufikia mwaka 1860, zaidi ya robo tatu ya pamba iliyotumiwa Uingereza ilitoka katika majimbo ya kusini ya Marekani, na ilipaliliwa na kuchumwa na mikono ya watumwa wenye asili ya Afrika. Tarehe zinafaa kuwekwa bega kwa bega. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na Bunge lake likapitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mwaka 1833. Manowari zake zikaanza kusaka majahazi ya watumwa, hata katika maji yetu. Miaka hiyo hiyo viwanda vya Manchester vilikuwa vinanunua pamba ya watumwa kwa kiasi kilichozidi kila muongo. Sheria ilikataza Mwingereza kummiliki mtu. Haikumkataza kununua jasho lake likiwa limefungwa katika robota. Gazeti la The Guardian, lililoanzishwa hapa mwaka 1821 kwa jina la Manchester Guardian na mfanyabiashara wa pamba John Edward Taylor, lilichunguzwa kwa amri ya wamiliki wake wa sasa, na mwaka 2023 wamiliki hao wakaomba radhi hadharani kwa uhusiano wa mwanzilishi na wafadhili wake na utumwa. Gazeti hilo limejulikana kwa muda mrefu kama sauti ya watu wa mrengo wa kushoto. Ikiwa hata lenyewe mizizi yake imo humo, hakuna sababu ya kudhani kwamba benki, makanisa na majumba ya muziki ya mji huu yalisalimika.

Kutoka stesheni, mgeni avuke katikati ya mji hadi Ancoats, upande wa kaskazini-mashariki. Mwenye haraka atapata basi la bure linalozunguka katikati ya mji, lakini kutembea ni bora. Kando ya mfereji wa Rochdale kumesimama viwanda vya ndugu wawili kutoka Scotland, Adam na George Murray, ambavyo ujenzi wake ulianza mwaka 1798. Ni kuta za matofali za ghorofa 8, ndefu, nyekundu, zenye madirisha yaliyopangwa kwa ukali kiasi kwamba jicho hulichoka jengo kabla halijaisha. Ubavuni mwake kuna viwanda vya McConnel na Kennedy, nao Waskoti. Kwa mtu wa mwaka 1800 haya yalikuwa majengo ya kutisha. Watu walizoea makanisa kuwa makubwa hivyo. Hawakuzoea mahali pa kazi kuwa hivyo, tena panapowaka taa usiku kucha na kutetemeka kwa mitambo ya mvuke. Watoto waliingia humo wakiwa wadogo mno. Sheria ya mwaka 1833 ilikataza viwanda vya nguo kuajiri walio chini ya miaka 9, na kwa wale wa miaka 9 hadi 13 ikaweka kikomo cha saa 48 kwa wiki. Ukomo huo uliwaudhi wenye viwanda wengi, jambo ambalo linatosha kueleza hali ilivyokuwa kabla yake.

Mwaka 1842 kijana wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 22, Friedrich Engels, alitumwa Manchester na baba yake aliyekuwa na hisa katika kiwanda cha nyuzi. Alitakiwa ajifunze biashara. Alijifunza, lakini pia alizunguka katika mitaa ya wafanyakazi, akiongozwa na mwanamke wa Kiayalandi aliyeitwa Mary Burns, na mwaka 1845 akachapisha kitabu juu ya hali ya tabaka la wafanyakazi wa Uingereza. Wapo wanaosema Engels alitia chumvi kwa kuwa alikuwa tayari na shabaha ya kisiasa. Hoja hiyo ina uzito kidogo, ndiyo maana ni vyema kumwacha kando na kumtazama Edwin Chadwick, mtumishi wa serikali ambaye hakuna aliyemdhania kuwa mwanamapinduzi. Ripoti yake ya mwaka 1842 ilionyesha kwamba wastani wa umri wa kufa kwa familia za vibarua wa Manchester ulikuwa miaka 17. Katika wilaya ya mashamba ya Rutland, vibarua walifikia wastani wa miaka 38, sawa na matajiri wa Manchester. Wastani huo hauna maana kwamba watu wazima walianguka wakiwa na miaka 17. Una maana kwamba watoto walizikwa kwa wingi mno, kwa sababu ya maji machafu, vyumba vya chini ya ardhi na vyoo vilivyofurika. Lakini mtu akiisoma takwimu hiyo akiwa amesimama mbele ya kuta za Ancoats, ataacha kuziona kuwa ni usanifu tu.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapojitokeza, nalo ni la haki. Viwanda vya Ancoats sasa ni nyumba za kupanga za vijana wenye kazi nzuri, na chini yake kuna mikate ya bei kali na kahawa ya bei kali zaidi. Mtu anaweza kusema kwamba historia imegeuzwa pambo la ukutani, na kwamba mgeni anayekuja kutazama anashiriki katika kuipaka mateso rangi ya kupendeza. Nakubaliana na nusu ya shutuma hiyo. Mji huu umekuwa hodari wa kuokoa kuta kuliko kuokoa nafasi ya maskini kuishi ndani ya kuta hizo. Hata hivyo lazima tuulize kuta hizo zingekuwa wapi leo kama zisingepata kazi mpya. Zingebomolewa, kama zilivyobomolewa nyingine nyingi, na pamoja nazo ungepotea ushahidi. Jengo la kiwanda lisilo na wapangaji huanguka. Hilo wanalijua watu wa Kisumu na Mwanza waliowahi kuona kiwanda cha nguo kikifungwa. Jengo lililokaliwa, hata kama wakaaji wake hawajui lolote juu ya lilikotoka, bado linaweza kusomwa na anayejua kusoma.

Kutoka Ancoats rudi katikati ya mji hadi Royal Exchange, karibu na St Ann's Square. Hapo ndipo pamba na nyuzi zilipouzwa. Wakati wa kilele chake, mwanzoni mwa karne ya 20, soko hili lilikuwa na wanachama zaidi ya 10,000, na siku za biashara wanaume wenye kofia ndefu walisongamana chini ya kuba tatu za kioo wakikubaliana bei kwa midomo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1913, Uingereza ilisafirisha nje karibu yadi bilioni 7 za nguo za pamba, na nyingi zilipita kwa njia moja au nyingine katika ukumbi huu. Biashara ilikoma mwaka 1968. Tangu 1976 ndani ya ukumbi kuna jumba la michezo ya kuigiza la chuma na kioo, lililotundikwa kwenye nguzo kubwa za jengo kwa sababu sakafu isingehimili uzito wake. Nalipenda wazo hilo kuliko jengo lolote jipya la mji huu: chombo cha angani kimetua sokoni na hakuna aliyethubutu kukiondoa. Juu ukutani pameachwa ubao wenye bei za siku ya mwisho ya biashara.

Katika ukumbi huu ndipo pwani yetu inapoingia. Tangu miaka ya 1830 soko la Zanzibar lilitawaliwa na merikani, kitambaa kigumu kisichopaushwa kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Misafara ya kwenda Tabora, Ujiji na hadi Maniema ilibeba majora yake kama fedha. Ndiyo yaliyolipa hongo za njiani na kununua chakula na pembe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, ugavi ukakatika, na nguo za Uingereza na za Uhindi zikapata mlango. Baadaye, kwa miongo mingi ya karne ya 20, kanga zilizovaliwa Mombasa na Unguja zilichapishwa katika nchi za ng'ambo, Uingereza ikiwa mojawapo. Na tukiingia bara zaidi, tarehe 21 Oktoba 1884 Henry Morton Stanley alisimama mbele ya Chama cha Wafanyabiashara cha Manchester kuwashawishi waunge mkono kufunguliwa kwa Kongo. Hakuwahubiria dini pekee. Aliwapigia hesabu ya yadi ngapi za kitambaa zingeuzwa ikiwa kila mkaazi wa bonde la Kongo angejipatia walau vazi moja la Jumapili. Wiki chache baadaye mkutano wa Berlin ukaanza. Sisemi kwamba Afrika iligawanywa kwa sababu ya nguo. Ushindani wa mataifa ulikuwa na vichocheo vingi. Nasema kwamba katika ukumbi wa Manchester watu wetu walikwisha kupimwa kwa yadi kabla hawajagawanywa kwa mipaka.

Atakuja mtu aseme kwamba naibebesha pamba mzigo mkubwa mno. Mapinduzi ya viwanda, atasema, yalizaliwa na akili za watu wa Lancashire: Samuel Crompton wa Bolton na mashine yake ya kusokota ya mwaka 1779, Richard Arkwright na wenzake, pamoja na makaa na mvua. Bila mashine hizo, pamba ya Mississippi ingebaki shambani. Hiyo ni kweli tupu, na makumbusho ya Liverpool Road yana mashine za kuithibitisha, nyingine zikiwashwa mbele ya wageni kwa kelele ya kuziba masikio. Lakini historia yenyewe ilifanya jaribio la kupima hoja hiyo. Kati ya 1861 na 1865 mashine zilikuwa zilezile, makaa yalikuwa yaleyale, mvua haikukoma, na akili za watu hazikupungua. Kilichokosekana ni pamba ya kusini mwa Marekani, baada ya manowari za serikali ya Rais Lincoln kuziba bandari. Viwanda vikasimama. Mamia ya maelfu ya watu katika Lancashire wakaishi kwa misaada, na Machi 1863 huko Stalybridge kukazuka ghasia za njaa. Mashine isiyo na nyuzi ni chuma tu, na miaka hiyo ilionyesha mji huu ulikuwa umesimama juu ya mabega ya nani.

Ushahidi wa jambo hilo umesimama hadharani katika Lincoln Square, hatua chache kutoka Deansgate. Ni sanamu ya Abraham Lincoln. Tarehe 31 Desemba 1862, wakazi na wafanyakazi wa Manchester walikutana katika Free Trade Hall wakamwandikia rais huyo barua ya kumuunga mkono dhidi ya utumwa, ingawa vita vyake ndivyo vilivyowanyima kazi. Lincoln aliwajibu tarehe 19 Januari 1863, na sehemu ya majibu hayo imechongwa chini ya sanamu. Ni kisa cha kutia moyo, na mji hukipenda. Mwandishi mwaminifu lazima aongeze kwamba si Lancashire yote iliyokuwa na moyo huo. Wapo waliotaka serikali yao iunge mkono majimbo ya kusini ili pamba irudi. Lakini hilo ndilo linaloipa barua ile thamani. Walioiandika hawakuwa wakifuata mkumbo. Walichagua, matumbo yakiwa matupu.

Njaa ile iliwafundisha wenye viwanda somo lingine, ambalo sanamu hailitaji. Waliamua wasitegemee tena nchi moja. Mwaka 1902 wakaunda chama cha kukuza kilimo cha pamba ndani ya himaya ya Uingereza, makao yake yakiwa Manchester. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka uliotangulia, na muda mfupi baadaye mbegu za pamba zikagawiwa kwa wakulima wa Uganda kupitia machifu. Ndani ya miaka michache pamba ikawa zao kuu la nchi hiyo la kuuza nje, ikishuka kwa treni hadi Kilindini. Wajerumani nao walikuwa na kiu ileile kwa ajili ya viwanda vyao, na wakaitafuta tiba kwa viboko. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, katika koloni lao la Afrika Mashariki, vilianza kwa watu wa Matumbi kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kwa hiyo ndani ya kizazi kimoja Mwafrika wa Mashariki alihamishwa kutoka safu ya wanunuzi akatiwa pia katika safu ya wazalishaji, na katika safu zote mbili bei ilipangwa na mwingine.

Karibu na Lincoln, katika Deansgate, iko maktaba ya John Rylands iliyofunguliwa mwaka 1900. Kwa nje inafanana na kanisa kuu, na ndani yake kimo kipande kidogo cha mafunjo chenye maneno ya Injili ya Yohana, mojawapo ya vipande vya kale zaidi vya Agano Jipya vinavyojulikana. Ilijengwa na mjane wa tajiri wa nguo. Kuingia ni bure, na nusu saa inatosha.

Halafu St Peter's Square. Tarehe 16 Agosti 1819, watu wapatao 60,000 walikusanyika katika uwanja wa hapa kudai haki ya kupiga kura. Manchester, pamoja na ukubwa wake, haikuwa na mbunge hata mmoja. Askari wa farasi wakawavamia kwa panga. Watu 18 wanatajwa kuwa walikufa na mamia walijeruhiwa, na tukio likaitwa Peterloo kwa kejeli, baada ya ushindi wa Waterloo wa miaka minne kabla. Free Trade Hall ilijengwa baadaye juu ya ardhi hiyo hiyo, na sasa ni hoteli. Mgeni asiingie hotelini. Asome bamba lililoko ukutani. Bamba la zamani, la rangi ya buluu, lilisema kwa upole kwamba mkusanyiko ulitawanywa na jeshi. Halikutaja maiti hata mmoja. Wananchi wakalalamika, na mwaka 2007 likawekwa jekundu linalosema wazi kwamba watu waliokutana kwa amani walishambuliwa, likitaja waliokufa 15 na majeruhi zaidi ya 600. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa mwaka 2019, mviringo wa ngazi wenye majina ya waliouawa, nao ukazusha malalamiko mapya kwa kuwa mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kuupanda. Mnara wa haki za watu wote ulisahau baadhi ya watu. Nayataja haya kwa sababu yanajibu pingamizi la mwisho, la wale wasemao kwamba matembezi ya namna hii ni kutafuta kinyongo, na kwamba mtu akiwa likizo aache historia ya machozi. Wenyeji wenyewe hawajaiacha. Wamegombana juu ya maneno ya bamba kwa miaka, wakaitisha ukweli zaidi, wakaupata kidogo kidogo. Mgeni anayeuliza pamba ilitoka wapi hawaletei ugomvi mpya. Anajiunga na mjadala ambao mji umekuwa nao tangu 1819. Na tuwe wakweli: msokotaji wa Ancoats na mchuma pamba wa shamba la Mississippi hawakuwa sawa, kwani mmoja aliweza kuacha kazi na kufa njaa akiwa huru, mwingine hakuweza hata hilo. Kuwaweka katika hadithi moja si kuwalinganisha.

Jioni ikianza kuingia, shuka kwa Oxford Road hadi All Saints. Ukumbi wa zamani wa mji wa Chorlton-on-Medlock umebaki ukuta wake wa mbele, nyuma yake yako majengo ya Manchester Metropolitan University, na wanafunzi hupita bila kuutazama. Ukutani kuna bamba jekundu. Hapo, kuanzia tarehe 15 hadi 21 Oktoba 1945, ulifanyika Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika. Walihudhuria wajumbe kama 90: W. E. B. Du Bois akiwa mzee wa miaka 77, George Padmore, Kwame Nkrumah, Hastings Banda na Jomo Kenyatta. Mikutano iliyotangulia ilikuwa imeomba mageuzi kwa lugha ya heshima. Huu ulidai uhuru, na uliwataka wakulima na wafanyakazi wa makoloni wagome. Ghana ikapata uhuru mwaka 1957, Kenya 1963, Malawi 1964, na kila moja iliongozwa na mtu aliyekaa katika ukumbi huo.

Kwa nini Manchester? Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nguvu huko, mji ulikuwa na jumuiya ya Waafrika na watu wa Karibi, na fedha zilikuwepo. Fedha hizo kwa sehemu kubwa zilitoka kwa Ras Makonnen, mzaliwa wa Guyana, mwenye mikahawa katika barabara hiyo hiyo ya Oxford Road. Ni yeye aliyesaidia kuwalaza na kuwalisha wajumbe. Kama nafasi ni ya kituo kimoja tu katika siku yote, nenda hapa, kwa sababu ndipo waliokuwa wanunuzi na wazalishaji wa pamba ya watu wengine walipoketi kupanga hesabu yao wenyewe. Makonnen baadaye alihamia Ghana, akafungwa baada ya mapinduzi ya 1966, kisha Kenyatta akamwombea aachiwe. Mwaka 1969 akawa raia wa Kenya, na huko Nairobi alifanya kazi katika Wizara ya Utalii.